Chale ya Mzambarau-ziwa

Nyuma ya nyumba za genge, Nguruka,
pale tuta la reli linapoanza kuogopa tope,
mzambarau-ziwa umesimama mguu majini
kama mtu aliyeshuka kunawa
akasahau alikokuwa anakwenda.

Mwaka wa elnino maji yalipanda, yakakaa.
Mpapai wetu ulikufa kwa siku nne.
Mparachichi wa stesheni masta ulijikaza,
ukageuka njano, ukadondosha jani mojamoja,
ukafa wima, na matunda yake mkononi.
Mama akasema: si maji yaliyouua, ni pumzi.
Mizizi nayo ina pua.

Mzambarau haukujibizana na mtu.
Shinani, usawa wa maji,
ulichomoza mizizi mingine, myekundu,
laini kama ndevu za hindi bichi,
ikaelea, ikahema:
Huko chini kumezibwa? Haya, tuanzie hapa.

Baba, Venansi Ntibagomba, nyampara wa genge,
akaingia na panga, maji kitovuni,
mimi shingoni mwake nimemshika masikio.
Akauchanja mti chale moja, fupi, ya kulala.
"Hapa," alisema, "asije mtu kesho akatubishia."

Maji yalipotoka niliiendea kwa miguu yangu.
Ilinipita utosi kwa vidole vitatu.
Nikasema moyoni, mti utaondoka nayo,
utaipandisha mpaka matawini,
na mafuriko yale yatabaki huko juu na ndege.
Kila masika nikaenda kujipima.
Chale haikupanda hata unywele.
"Mti hukulia kichwani," baba akanicheka,
"kiunoni unanenepa tu, kama mama yako."

Darasa la nne ikanifika kidevuni.
Siku ya kupanda treni kwenda kusoma Tabora, kifuani.
Leo inaniishia kiunoni.
Kumbe mimi ndiye niliyepanda.
Mdogo wangu Bitaho hakuwahi kuifikia.
Simsemi zaidi ya hapo.

Baba sasa yuko Tabora, Kiloleni,
kwenye kiwanja kikavu alichokipigania miaka sita ofisi kwa ofisi,
chenye mfereji wa sementi usiopitisha kitu ila mijusi,
na usiku wa mvua hapati usingizi.
Huamka, huvaa koti la genge,
hukaa sebuleni akilisikiliza paa.
Kukicha anapiga simu,
hasalimu, haulizi watoto:
"Yamefika wapi?"

Asubuhi hii nimevua viatu, nimeingia na panga lake.
Tope linanivuta nyayo kama linanidai.
Chale siioni. Naipapasa chini ya maji,
naipata kwa kidole gumba:
gome limeiotea midomo minene,
imefumba.
Maji yameipita shibiri nzima.

Nainua panga nitie nyingine,
ya mwaka huu, ya mkono wangu,
na hapo naziona zile ndevu,
nyekundu, changa, zimeshatoka
upana wa kidole juu ya maji,
zimenitangulia.

Mti umeshaandika.

Simu inalia mfukoni mwa shati.
"Yamefika wapi?"
Narudisha panga kwapani.
"Kwenye ndevu, baba."
Anakaa kimya. Nasikia mvua ya Kiloleni juu ya bati lake.
"Nyekundu?"
"Nyekundu."
"Basi," anasema,
na kwa mara ya kwanza masika hii
namsikia anapiga mwayo.